Baltimore inasomeka vizuri ukianzia majini

Wengi wanaoitafuta Baltimore, mji wa bandari wa mashariki ya Marekani, kwenye ramani huanza na maghorofa ya katikati ya mji, na wakimaliza wanabaki hawajaelewa kwa nini mji ule uko pale. Anza mbali zaidi. Vuta ramani mpaka uione ghuba yote ya Chesapeake, kisha ingia kwa njia ya meli: unatoka Atlantiki, unapita mlango wa ghuba kule Virginia, unapanda kaskazini maili za baharini 150 hivi, ndipo unapinda kushoto kuingia mto Patapsco.

Kwa mtu aliyezoea Dar, ambako meli ikishang'oa nanga nje inapinda kona ya Magogoni na mara iko gatini Kurasini, hiyo ni safari ndefu ajabu. Ni karibu nusu siku pailoti, yaani mwongoza meli, akiwa melini. Na sehemu kadhaa za njia hiyo meli inatembea ndani ya mfereji uliochimbwa, kwa sababu ghuba yenyewe ni pana lakini haina kina: wastani wake ni mita 6 na kidogo. Mkondo mkuu umechimbwa hadi futi 50, yaani mita 15.2, na lazima uchimbwe tena na tena maana tope halikomi kushuka na mito. Tope hilo hawalitupi ovyo. Sehemu yake inapelekwa kisiwa cha Poplar, ambacho mawimbi yalikuwa yamekila karibu kiishe, na sasa kinajengwa upya kwa udongo wa kuchimbulia mkondo.

Jambo la pili la kumshangaza baharia wa kwetu ni maji kujaa na kupwa. Dar siku za bamvua tofauti inapita mita 3, na kila mtu wa pwani anapanga kazi yake kwa hesabu hiyo. Baltimore tofauti ya kawaida ni kama sentimita 30 tu. Kule kinachobadilisha kina ni upepo. Kaskazi kali ikivuma siku mbili mfululizo inayasukuma maji ya ghuba yatoke kwenda baharini, na meli nzito inaweza kulazimika kusubiri. Kimbunga kikitokea kusini hali inageuka: mwaka 2003 kimbunga Isabel kiliyapandisha maji mpaka mitaa ya Fells Point ikawa ya kupita kwa boti.

Bandari ina mlango wa nyuma pia. Mfereji wa Chesapeake na Delaware, kilomita 22 hivi, unaunganisha kichwa cha ghuba na mto Delaware. Ulifunguliwa 1829 ukiwa na malango ya kupandishia meli, na tangu 1927 uko usawa wa bahari, hauna lango. Kina chake ni futi 35, kwa hiyo meli kubwa za makontena haziwezi kuutumia zikiwa zimejaa, ila meli nyingi za magari zinapita.

Sasa kwa nini mji ukae ndani kiasi hicho? Kwa sababu hapo ndipo miamba ya bara inapokutana na tambarare ya pwani. Mito midogo kama Jones Falls inashuka kwa kasi kutoka kwenye miamba hiyo, na maji yaendayo kasi yaliendesha vinu vya kusagia ngano. Unga ukatoka kinuni ukaingia melini bila kusafirishwa mbali. Mji ulianzishwa 1729, na mwaka 1827 wafanyabiashara wake wakaanzisha kampuni ya reli ya Baltimore na Ohio ili mazao ya bara yasiende kuishia New York. Bandari iliyo ndani ni bandari iliyo karibu na mzigo, na hiyo ndiyo faida ambayo Baltimore inaiuza mpaka leo, hasa kwa magari na mitambo ya mashambani. Mwaka 2023 magari na malori madogo zaidi ya 847,000 yalipita pale. Mengi yanashughulikiwa Dundalk, uwanja mpana ulio tambarare. Makontena yako jirani, Seagirt. Makaa ya mawe yanapakiwa Curtis Bay, ng'ambo ya kusini.

Ukifika kwenye rasi ya Locust Point utaona ngome yenye umbo la nyota, Fort McHenry. Iko pale kwa sababu mto unagawanyika hapo: mkono mmoja unakwenda Inner Harbor, mwingine unapinda kusini-magharibi. Anayeishika ncha hiyo anaishika bandari. Septemba 1814 meli za Uingereza ziliipiga mabomu kwa saa 25. Wenyeji walikuwa wamezamisha meli zao wenyewe kuziba njia, na Waingereza hawakupita. Francis Scott Key aliyatazama mapigano akiwa melini mtoni, akaandika shairi ambalo mwaka 1931 likawa wimbo wa taifa wa Marekani.

Hapa ndipo penye somo kubwa zaidi la ramani hii: watu wavukie wapi, na meli zipite wapi?

Baltimore ilianza kwa kuchimba. Handaki la Harbor Tunnel lilifunguliwa 1957, na la Fort McHenry 1985, likizamishwa chini ya maji ili daraja lisiharibu eneo la ngome. Handaki halizuii meli, lakini lina masharti: malori yenye mafuta, gesi na kemikali za hatari hayaruhusiwi. Kivuko kingine, nje zaidi, kilikusudiwa kiwe handaki vilevile. Bei ikawa kubwa, wakajenga daraja, ambalo pia lingepitisha hayo malori. Daraja la Francis Scott Key likafunguliwa Machi 1977, uwazi wake wa kati mita 366, kimo cha kupitia meli futi 185.

Kila meli iliyokwenda Seagirt, Dundalk au Curtis Bay ilipita chini yake. Mwaka 1980 meli moja ya mizigo iligonga nguzo na daraja halikudondoka, maana meli za wakati huo zilikuwa ndogo. Meli zikakua, nguzo zikabaki zilezile, na vizuizi vya zege vilivyokuwa vikizilinda vilikuwa vichache na vidogo. Usiku wa Machi 26, 2024, Dali, meli ya makontena yenye urefu wa mita 300, ilikuwa ikitoka Seagirt. Tagi, yaani boti za kuvuta na kusukuma meli, zilishaiachia. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, meli ikagonga nguzo na daraja likaanguka. Uchunguzi ulikuja kuonyesha waya mmoja haukuwa umeingia barabara kwenye kiungo chake. Pailoti aliita msaada kwenye redio, na polisi wakawahi kuzuia magari, ila vibarua waliokuwa wakiziba mashimo ya lami juu ya daraja hawakufikiwa kwa wakati. Walikufa 6. Walikuwa wahamiaji waliokwenda kutafuta riziki, na hawastahili kusahauliwa.

Bandari ikafungwa pamoja na meli zilizokuwa ndani. Tradepoint Atlantic, iliyoko Sparrows Point upande wa nje wa daraja, iliendelea kupokea meli za magari. Mkondo ulirudi upana wake wote Juni 10, wiki 11 baadaye.

Tazama Dar kwa jicho hilohilo. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, limevuka mkono wa bahari nyuma ya magati. Meli kubwa hazipiti chini yake, na mahali pale palichaguliwa vizuri. Udhaifu wetu uko mlangoni, penye mkondo mwembamba wenye kona, pantoni zikikatiza mbele ya meli kutwa nzima. Chombo kikubwa kikikwama pale, kila gati linasubiri.

Ukifika Baltimore kutembea, Inner Harbor inakutosha saa chache: hifadhi ya samaki iliyofunguliwa 1981, na jahazi la kivita Constellation la 1854. Panda Federal Hill uone bandari yote, kisha uwahi Fells Point. Kwenye karakana za mtaa huu Frederick Douglass, aliyekuja kuwa mpinga utumwa mashuhuri, akiwa bado mtumwa alijifunza kutia kalafati: unafumua kamba kuukuu, unazisokota, unazipigilia kwa nyundo na patasi butu kati ya ubao na ubao, unaziba kwa lami ya moto. Ujira wake aliuchukua bwana wake. Mwaka 1838 alipanda treni humohumo Baltimore, amevaa nguo za baharia na kubeba hati za baharia huru, akatoroka kwenda kaskazini.

Ukiendesha lori, kumbuka kwamba mzigo wa hatari kutoka Dundalk hauvuki bandari kwa sasa. Unauzunguka mji mzima kwa barabara ya I-695, upande wa kaskazini na magharibi. Daraja jipya limepangwa liwe la nyaya, kimo chake cha kupitia meli futi 230, na nguzo zake zikae mbali zaidi na mkondo.