Kumtafuta kaka yake nyanya, Ngong Road

Treni kutoka Miritini imenila 1,500, na viti vyake vya bei ya chini vinakukalisha ana kwa ana na mgeni, magoti yakigusana hadi Syokimau. Hilo nimesamehe. La bodaboda bado. Nilimwambia makaburi ya vita, Ngong Road, hapa Nairobi. Akanibwaga Lang'ata, katikati ya mazishi ya watu, wafiwa wakanipa mkono wa pole nikaupokea, nifanyeje? Kunirudisha akadai 400 juu ya zile 600. Nikalipa.

Nilipofika, mzee mmoja alikuwa akipalilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatafuta wa nchi gani?"

"Wa kwetu. Waliozama na meli ya Khedive Ismail."

Akaweka jembe chini, akanipeleka hadi kwenye ukuta wa majina.

Kaka yake nyanya alikuwa wa mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Walipakiwa Mombasa Februari 1944 kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo. Aliyewawinda ni nyambizi ya Japani, I-27. Mwaka 1942 ilibeba nyambizi ndogo ya watu wawili iliyotumwa kuvamia bandari ya Sydney. Baadaye ikawa inatokea Penang, Malaysia ya leo, ikizamisha meli za mizigo hadi Ghuba ya Oman. Tarehe 12 ya Februari hiyo ya 1944, kusini-magharibi mwa Maldives, abiria wengi wako chini kwenye tumbuizo la mchana, topido mbili zikaipata Khedive Ismail. Haikumaliza dakika tatu juu ya maji.

Linaloninyima usingizi ni lililofuata. Nyambizi ilijificha chini ya waliokuwa wakiogelea, na manowari za Kiingereza, Paladin na Petard, zikamwaga mabomu papo hapo, juu ya watu wao. I-27 ikaibuka. Paladin ikaiendea kuigonga, ikachanika ubavu. Petard ikarusha topido saba, la saba ndilo likaivunja. Waliokufa melini ni 1,297. Najua zilikuwako meli nyingine nne za askari za kulindwa. Najua, na bado naumia.

Jina lake lipo, herufi moja imekosewa. Nimelipiga picha nimpelekee mama.

Nyanya aliletewa neno moja tu: kapotea baharini. Kila tulipopanda feri ya Likoni alikuwa akifumba macho mpaka ng'ambo, na sisi watoto tukimwambia, nyanya, mbona leo hakuna mawimbi?