Kikopo ndani ya feri

Saa kumi na moja alfajiri. Cheti changu cha afya kinaisha wiki ijayo, na bila cheti sishiki samaki. Sura 254 ya sheria za Kenya yataka sisi tunaoshika chakula tupimwe kila miezi 6. Kikopo cha choo cha kupimwa nimekifunga mifuko mitatu, nikakitia mkobani chini ya leso.

Saa kumi na mbili na nusu, feri ya Likoni. Watu wameteremka mbio kama kawaida, nami nimebanwa, nimeukumbatia mkoba utadhani una dhahabu. Sina budi kuwahi: choo kikikawia na joto letu hili, amiba, kale kadudu ka tumboni, hufa, na kwenye darubini si rahisi kuonekana.

Saa moja na nusu, maabara. Bwana mpimaji hata uso hakuinua. Tone la maji ya chumvi, tone la ayodini, kipande cha kioo juu yake. Hapo atatafuta minyoo na amiba. Taifodi haionekani hivyo; vijidudu vyake huoteshwa kwa siku kadhaa. Mtu aweza kukaa nayo kwenye nyongo miaka na miaka, mzima wa afya, huku akiwagawia wenzake. Nikaulizwa kama nakohoa, kwa ajili ya kifua kikuu. Sikohoi. Nikalipa, tena mfukoni mwangu.

Saa tatu, kiwandani. Bangili zavuliwa, pini ya pua pia. Buti nyeupe kwenye maji ya klorini, mikono hadi viwiko. Jodari huja mezani ameshapikwa, amepoa; kwa kisu kidogo twatoa ngozi, miba na nyama nyeusi, twabakisha minofu. Moto wa kwanza umeshapita, kwa hiyo uchafu wetu usimfikie.

Saa sita, chai na mahamri. Shoga yangu ananinong'oneza: "Tumbo laniendesha tangu usiku." Ana cheti, kina mwezi mmoja tu, muhuri bado wang'aa. Ukutani pameandikwa anayeharisha asiingie. Lakini sisi vibarua, ukirudi nyumbani siku hiyo huna chako. Kikopo kimoja kwa miezi 6 hakimwoni mtu kama huyu. Mwajiri ndiye angemwona, lau angekubali kutulipa siku ya kuumwa.

"Twende kwa supavaiza," nikamwambia. Alinikata jicho, lakini akaja.

Saa kumi na moja, feri tena. Simu ya shoga yangu haipokelewi. Nimemnunulia pakiti mbili za chumvichumvi za kunywa anayeharisha, nitampitishia mlangoni.