Uzio wa mizinga: nyuki kwanza, waya baadaye

Shamba la mahindi yaliyokomaa halihitaji kundi la tembo ili liishe. Dume mmoja kwa usiku mmoja anatosha. Wakulima wa Sagalla, kando ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki, wamekesha miaka mingi wakipiga madebe na kuwasha mioto, na tembo wakavizoea vyote. Wanachoogopa kweli ni nyuki. Ngozi ya tembo ni nene, lakini kandokando ya macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga ni laini, na huko ndiko nyuki huchoma.

Mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton waliandika kwamba tembo wa Kenya huikwepa migunga yenye mizinga. Mtafiti mwenzao Lucy King akaugeuza ujuzi huo kuwa uzio wa mizinga iliyounganishwa kwa waya kuzunguka shamba, akaujaribu Laikipia mwaka 2008, kisha Sagalla. Matokeo ya miaka 9 ya huko, yaliyotoka 2024, yanaonyesha kuwa katika misimu ya mazao hadi asilimia 86 ya tembo walioukaribia uzio waligeuka. Tembo hapigwi, hapewi sumu, na mkulima anapata asali.

Kwa ekari moja ya mraba mzunguko ni kama mita 255. Ning'iniza kitu kila baada ya mita 10: mzinga wa kweli, kisha wa bandia, kisha wa kweli tena. Hapo unahitaji mizinga 12 au 13 na bandia kiasi hichohicho. Mzinga bandia ni kipande cha plaiwudi chenye ukubwa wa mzinga. Gizani tembo hapati muda wa kuchunguza.

Kila mzinga hukaa kati ya nguzo mbili za mita 2.5, zilizozikwa sentimita 60. Ukipata miti ya jamii ya manemane, itumie: fito zake huchipua zikichomekwa ardhini, na mchwa huziacha zaidi kuliko mbao kavu. Ning'iniza mzinga kwa waya usawa wa kifua cha mtu, ili uweze kuukagua bila ngazi, na uweke kipaa cha makuti au mabati juu yake. Mzinga ukipigwa na jua la mchana, nta hulainika, masega huanguka na nyuki huhama.

Sasa waya wa kuunganisha, ambao ndio moyo wa uzio wote. Unatoka mzinga hadi mzinga na kufungwa kwenye waya za kuning'inizia, kamwe si kwenye nguzo. Tembo akiusukuma kwa kifua, mizinga ya pande zote mbili inayumba na nyuki wanatoka, hata usiku. Ukiufunga kwenye nguzo, tembo atavunja nguzo na mizinga haitatikisika. Makosa haya ndiyo yanayoonekana zaidi, kwa sababu fundi wa kawaida wa uzio amezoea kukaza waya kwenye nguzo. Ukishamaliza, usukume mwenyewe kabla nyuki hawajaingia: mzinga usipocheza, rekebisha. Mlangoni mwa shamba weka ndoano, ili waya ufunguke asubuhi na kufungwa jioni.

Mzinga mtupu hauzuii chochote. Paka nta ndani, hasa kwenye viunzi, kabla ya mvua, kwa kuwa makundi ya nyuki huhama maua yanapochanua. Paka grisi kwenye waya za kuning'inizia ili siafu wasipite, na ipake upya inapokauka au kushika vumbi. Nyegere ni msumbufu zaidi: zungushia nguzo vipande vya mabati ili kucha zake zikose pa kushika. Weka maji karibu, yenye vijiti au mawe ya kutua, la sivyo nyuki watahamia bomba la jirani.

Adui mkubwa ni ukame. Baada ya ukame wa 2017 mizinga mingi ya Sagalla ilibaki mitupu, na asali ikapungua kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo usivune masega yote, hata bei ya asali ikipanda. Acha nusu, na kiangazi kikiwa kikali usivune kabisa. Vuna jioni, kwa bomba la moshi na vazi la kinga, mbuzi na watoto wakiwa mbali.

Msimu wa kwanza, makundi ya nyuki yakiwa bado hayajaingia, wazuie tembo kwa kuongeza kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali ya kusaga, na uvipake tena kila baada ya mvua kubwa. Ukichoma pilipili pia, usiichome mahali ambapo upepo utapeleka moshi kwenye mizinga; utawafukuza nyuki unaowasubiri.