Ngoma 36, hakuna hata moja yenye jina

Jana umeme umerudi saa nne usiku nikavaa hedfoni nikairudia tena Ghosts I–IV ya Nine Inch Nails, bendi ya roki ya Marekani, yaani hii albamu kila nikiisikiliza nakuta kitu ambacho mara ya mwisho kilinipita. Ngoma 36, zina namba tu, na humo ndani hakuna anayeimba. Gitaa, piano, sinti (kinanda cha umeme), vyuma vinagongana huko nyuma, basi.

Ila kinachonigusa zaidi ni ilivyotoka. Trent Reznor, kiongozi wa bendi, alimalizana na lebo (kampuni ya kurekodi) 2007, mwaka huohuo akajifungia studio na maprodyuza Atticus Ross na Alan Moulder wakapiga kazi wiki kumi, Machi 2008 akaiachia mwenyewe kwenye tovuti yao. Ngoma 9 za kwanza bure, na bendi yenyewe ndo ilizipandisha kwenye torenti, ile njia ya watu kupeana mafaili mtandaoni, kipindi ambacho kampuni za muziki Marekani zinawaburuza watu mahakamani kwa kudaunlodi! Zote 36 dola 5. Halafu kulikuwa na boksi la dola 300 lenye saini yake, yalitoka 2,500 tu na yakaisha ndani ya siku chache, piga hesabu mwenyewe, hiyo ni dola 750,000 na hakuna lebo ya kugawana nayo.

Na leseni sasa. Waliitoa kwa Creative Commons, leseni za kuruhusu watu watumie kazi yako bila kukuomba, unaruhusiwa kumgawia mwenzio, kuikatakata, kuifanyia rimiksi, mradi umtaje mwenye kazi, usiiuze, na chako nacho ukiachie kwa masharti hayohayo. Mimi naejifunza kutengeneza biti hilo ni kubwa sana, mana nimeifungua kwenye kompyuta nikaichambua sauti moja moja bila kujiona mwizi.

Sikiliza 34 Ghosts IV. Nyuzi zinadonolewa taratibu, unaskia kabisa kidole kinavyoachia uzi. Miaka kumi baadae kijana wa Uholanzi, YoungKio, akaikuta YouTube, akaikata akaweka midundo ya 808 (mashine ya ngoma na besi), rapa Lil Nas X akainunua hiyo biti dola 30 ikawa Old Town Road, wiki 19 namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani 2019. Hapo ishakuwa biashara kwahiyo ruhusa ikatafutwa, na Reznor na Ross wakaandikwa kama watunzi. Haki kabisa.

Ila kama hujawahi kuisikia usianzie hiyo 34. Anza na 1 Ghosts I, piano inaingia polepole, zima taa kwanza.