Deni la siku sita

Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Nimefunga. Muhogo uko jikoni unachemka kwenye tui la pili, na kasimile, lile tui zito la kwanza, nimeiweka pembeni kwenye bakuli, maana ukiiwahisha inakatika. Leo ni siku ya nne kati ya sita ninazodaiwa tangu Ramadhani. Kila mwanamke anayefunga analijua deni hili, maana siku za hedhi hatufungi, tunazilipa baadaye, na wengi tunalilalamikia: mwezi umeisha, wanaume wameshasahau, wewe bado unahesabu siku. Mimi silalamiki. Ramadhani ya 2022 sikudaiwa hata siku moja na nilijivuna nayo. Nilifunga mwanzo hadi mwisho. Hedhi yangu ilikuwa imekatika tangu Januari na sikumwambia mtu.

Mambo yalianzia kwa fundi. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Desemba 2021 na sisi upande wa bibi harusi tulikuwa tunashonewa sare. Fundi akanizungushia futi kiunoni, akatazama vipimo vyangu vya zamani kwenye daftari lake, akasema, "Dada, umejaa. Kitambaa hiki kitagoma." Kwenye benchi walikaa wanawake watatu wakisubiri zamu. Wakacheka, nami nikacheka. Haikuwa tusi. Kwetu kumwambia mtu amenenepa ni kama kumwambia amevaa nguo ya kijani. Lakini usiku ule nilituma pesa kwa simu nikaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la kupunguza mwili, lenye mwalimu wake na masharti yake.

Masharti yalikuwa hivi: hakuna ugali, wali, ndizi, viazi, mkate, sukari wala nazi. Kumkataza mtu wa Tanga nazi! Asubuhi maji ya limao na tangawizi, mchana mayai mawili ya kuchemsha na tango, jioni mchicha usiotiwa mafuta, uliwe kabla jua halijazama. Kila alfajiri unapiga picha miguu yako juu ya mizani unaituma. Aliyeteleza aliandika "nimeanguka", na wenzake wakamtumia vile vikatuni vya kulia.

Kilo zangu sitaziandika hapa. Wakati ule nilikuwa nasoma namba za watu wengine kama matokeo ya ligi, na najua kuna msomaji atakayezisoma zangu hivyo hivyo.

Uongo ulikuja wenyewe. Huku kwetu huwezi kupita mahali watu wanakula usiambiwe karibu, na kukataa kuna adabu yake. "Nimeshakula" haikubaliki zaidi ya mara mbili kwa wiki. Nikagundua neno lisilo na mjadala: "Nimefunga." Ofisini wakajua Jumatatu na Alhamisi mimi nafunga sunna, wakawa wananiombea dua. Wengine wakaanza kunichukulia kuwa mcha Mungu. Nilijificha nyuma ya sunna ili nisile, na hilo mpaka leo ndilo linaloniuma kuliko nywele zilizokatika.

Kwenye harusi yenyewe nilivaa sare iliyonikaa vizuri mno. Tukakaa wanne wanne kwenye masinia ya pilau. Nilikuwa na programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, lakini programu ile haikujua tonge. Ilijua gramu na vikombe. Nitajuaje nimekula kiasi gani katika sinia ambalo mikono minne inaingia na kutoka? Kwa hiyo nikafanya ujanja: nikawa nachimba upande wangu, naupeleka wali kwa jirani, nasukuma nyama kwa mama mdogo, mpaka mbele yangu pakaonekana pameliwa. Mama mdogo hakunitazama usoni. Alisema chini chini, "Mbona unachimba tu, huli?" Mtu unaweza kumdanganya kwa sahani, kwa sinia huwezi.

Wengine ukumbini waliniambia, "Jamani umepungua, tupe siri." Bibi yangu hakuuliza siri. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, vikazunguka vikakutana, akauliza, "Unaumwa nini, mjukuu wangu?" Bibi ni mtu aliyezika vijana wengi miaka ya tisini. Mtu akikonda ghafla, watu wa umri wake hawasemi umependeza.

Ikafika Februari. Dar es Salaam ya Februari mnaijua, hata feni inapuliza moto. Mimi nilikuwa na sweta, na juu yake khanga. Kitana kikitoka kichwani kinatoka na nywele. Siku moja kwenye daladala macho yaliingia giza nikaangukia bega la mtu, na konda akanishika mkono akanikalisha kwenye siti ya mbele, hakunidai hata nauli. Konda. Nilicheka mwenyewe njia nzima kama mwehu.

Kichwa nacho hakikuwa na kitu kingine ndani. Saa tano za usiku niko kitandani naangalia video za watu wanaokanda unga wa chapati, moja baada ya nyingine. Nilikuwa na daftari la mapishi ambayo sikupika hata moja. Halafu usiku mmoja nikaamka saa saba, nikafungua friji, nikala kiporo cha wali baridi kwa mkono, nimesimama, taa sijawasha. Nikamaliza. Nikaenda kwenye mkate, ukaisha nusu. Nikamalizia na sukari kwa kijiko. Asubuhi nikaandika "nimeanguka" na mwalimu akanijibu kwamba sina nidhamu. Nikaamini. Nikafunga zaidi ili nilipie, na baada ya siku nne nikawa tena mbele ya friji.

Hospitali nilienda kwa sababu ya hedhi tu. Wakapima mimba kwanza, haikuwepo. Daktari akaweka kalamu chini akaniuliza, "Jana ulikula nini? Anza asubuhi." Nilimaliza kujibu kabla hajaishika tena kalamu. Akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, na huyo ndiye aliyenisimulia habari ya wale vijana wa Marekani.

Walikuwa 36, vijana wenye afya waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani na dhamiri zao. Mwishoni mwa 1944, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwachukua kwa hiari yao. Mtafiti Ancel Keys alitaka kujua njaa inamfanya nini mtu, na namna ya kuwalisha tena watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Kwa miezi sita ya 1945 walipewa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, huku wakitembea kila wiki kilomita zaidi ya 30. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Walihisi baridi wakati wa kiangazi. Walilamba sahani. Na wanaume hawa, ambao wengi wao hawakuwahi kujali jikoni kunapikwa nini, wakaanza kusoma vitabu vya mapishi na kukusanya mapishi. Walipoachiwa wale, wengine walikula maelfu ya kalori kwa siku na bado hawakushiba.

Nilimwambia mama yule kuhusu video za chapati. Akavua miwani. "Programu yako ilikuwa inakupa ngapi?" Nikamtajia. Ilikuwa chini ya walichopewa wale. Akasema, "Basi mwanangu, hukukosa nidhamu. Ulikosa chakula."

Ningependa kuandika kwamba nilitoka pale nikaenda kula. Hapana. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje nikahesabu kalori za ndizi niliyokuwa nayo kwenye mkoba.

Utaratibu alionipa ulikuwa wa saa. Milo mitatu na vitafunio viwili, nisipitishe muda wa saa nne bila kula, nikiwa na njaa au sina. Siku hizi watu wanasema usikilize mwili wako, mwili unajua. Huenda mwili wao unajua. Wangu wakati ule ulikuwa kama redio isiyoshika stesheni, ama kimya ama kelele, na kama ningeusubiri uniambie ningekuwa nasubiri mpaka leo. Simu ililia saa nne asubuhi, nikala. Ililia saa kumi, nikala. Mizani akaniambia niitoe nyumbani. Nilimpelekea kijana anayepima watu uzito kwa shilingi mia mia kule kituoni. Akadhani namwuzia, akaanza kuponda bei.

Chakula kilichokatazwa tulikirudisha kimoja kimoja. Tulianza na chapati, niliyoila kwa muda wa dakika arobaini, nikiikata vipande vidogo kama namlisha mtoto, chai imepoa, machozi yananitoka. Mdogo wangu alikaa mbele yangu akala yake, hakusema neno, akala na nyingine.

Mwili ulirudi, na ukapita kidogo pale ulipokuwa mwanzo. Tumbo lilijaa gesi, miguu ikavimba kwa wiki kadhaa. Sare ya harusi haipandi mapajani. Nimeona watu wanaoandika habari hizi wanaruka sehemu hii, kana kwamba ukipona unabaki na mwili ule uliokuwa unauwinda. Mimi sikubaki nao, na kuna asubuhi nauomboleza.

Halafu kuna suala la baba. Baba ana sukari na anapima ugali wake, ngumi moja tu, na mboga nyingi. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba kila anayejipimia chakula ni mgonjwa wa kichwa. Nilimwangalia sana baba kipindi kile nikijaribu kuona tofauti yetu iko wapi. Anapima, halafu anakaa nasi. Anasimulia mpira, anamtania mama, anachukua samaki upande wake wa sinia, na akimaliza ananawa na chakula kinaisha kichwani mwake. Mimi nilikuwa sikai na mtu, na chakula hakikuisha.

Likizo ya mwaka ule nilienda Tanga. Bibi alinikabidhi mbuzi nikakuna nazi tatu, nikakamua tui kwenye kifumbu, mikono ikanuka nazi hadi jioni. Mtu aliyekamua tui kwa mikono yake hana tena wa kumwuliza kama chakula kina mafuta. Tulikaa sita kwenye sinia. Bibi akamchambua samaki, akatoa ile nyama ya tumboni yenye mafuta akaiweka mbele yangu, huku anaongea habari za jirani. Sikuhesabu, si kwa ushujaa, ila haikuwezekana: nikila tonge, binamu yangu anasukuma wali kujaza shimo, mtoto ananidokolea samaki, bibi anarudisha samaki mwingine. Mwisho sufuria ikaja na ukoko wake tukaugombea kama zamani. Nilishiba. Ilikuwa muda mrefu sijalitumia neno hilo bila kuona aibu. Kesho yake asubuhi nilihesabu tena, yai na mkate. Lakini kwenye sinia sijawahi kuhesabu tangu siku ile.

Hedhi ilirudi Februari 2023. Nilikuwa chooni ofisini, nikalia, nikampigia mama. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, umerudi kwenye madeni yetu."

Ramadhani ya mwaka huo nilikatazwa kufunga. Ilikuwa ngumu kuliko chapati. Kula mchana ndani ya nyumba ambayo wote wamefunga, mlango umefungwa, kama mwizi. Bibi alinipigia kunikumbusha kwamba mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa watimize siku nyingine. Nilikuwa naijua aya hiyo tangu madrasa. Neno lililonikaba lilikuwa "mgonjwa". Mwezi ule nilikuja kuulipa mwaka uliofuata, Jumatatu na Alhamisi, safari hii kweli.

Nilipewa ruhusa ya kufunga tena kwa masharti mawili. Daku silipitishi usingizini, naamka na kula chakula cha kueleweka. Na siku ambayo sababu ya kufunga ni mwili, sifungi. La pili halina shahidi ila mimi na Mungu. Jumatatu hii niliamka daku, nikala, nikatia nia, halafu wakati navaa nikajikuta nafurahi kwamba jioni suruali itakuwa imelegea. Nikakaa kitandani na ile furaha, naijua, ni rafiki wa zamani. Saa moja asubuhi nikachemsha chai, nikanywa na maandazi mawili, nikaenda kazini sijafunga. Ndiyo maana leo ni siku ya nne na si ya tano.

Kasimile imeingia sasa, na chumvi, na pilipili mbuzi nzima moja juu. Mdogo wangu amepiga simu, yuko njiani na wanawe wawili, anauliza kama alete samaki. Nimemwambia alete. Na lile sinia kubwa alilolichukua siku ya Idi, bado liko kwake, alirudishe.