Siku moja na nati ya milimita 15

Saa kumi na mbili na nusu alfajiri, Januari, Northampton. Barafu imeganda kwenye kioo cha gari. Naswali, nakunywa chai ya tangawizi, napakia vifaa. Mimi ni fundi bomba, na majira ya baridi hapa Uingereza kazi yangu kubwa ni mabomba ya kupasha nyumba joto. Boila inapasha maji moto, pampu inayasukuma kwenye redieta, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto, za vyumba vyote, yakipoa yanarudi kupashwa moto tena. Ni maji yale yale yanazunguka, kwa hiyo yakipungua ujue kuna mahali yanatokea.

Saa mbili hadi saa tano: koki ya jikoni, redieta iliyojaa hewa. Nikaendelea na safari.

Saa tano na nusu nilikuwa kwa mama mmoja wa Unguja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, afadhali umekuja." Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba. Kipimo cha presha ya maji kwenye boila, ambacho maji yakiwa baridi kinatakiwa kiwe kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kizio cha presha), kilisoma 0.3. Kila asubuhi anaongeza maji, kila asubuhi yameshuka. Dari ya sebule ina doa la rangi ya chai.

Mkwewe alikuwepo. "Fundi, ni nati tu hiyo. Nimeshaikaza mwenyewe mara tatu."

Moyo ulinishuka. Nikang'oa mbao mbili za sakafu ya chumba cha juu, na hapo ndipo kilipo kiungio, kimeota ukoko wa kijani. Ndani ya nati ile, ya bomba la milimita 15, kuna kipete cha shaba. Nati ikikazwa, kipete kinalikumbatia bomba, na hicho ndicho kinachozuia maji. Ukipitiliza, kipete kinalibana bomba mpaka linaingia kiuno. Nilipofungua na kupitisha kidole, bonde lilikuwepo.

"Si uzungushie tepu tu?" mkwewe akauliza. Nikamweleza kwamba tepu ni ya nyuzi za nati, na hapa nyuzi hazizuii maji. Akauliza tena. Akauliza tena nikiwa nimelala kifudifudi, tochi mdomoni, nikikata kile kipande. Nilikuwa nimeshamwaga maji ya mfumo mzima, meusi kama wino kwa kutu ya ndani ya redieta, ndoo baada ya ndoo, nikiomba zulia la mama lisipate hata tone.

Nikasugua ncha za bomba kwa msasa mpaka zikang'aa, nikaweka kipande kipya na viungio viwili vipya. Unakaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha spana mbili, moja ishike kiungio na nyingine izungushe nati mzunguko mmoja na kidogo. Basi, unaacha. Huko kuacha kulinichukua miaka kujifunza.

Nikajaza maji na dawa ya kutu, nikatoa hewa chumba kwa chumba, nikawasha. Redieta zikashika moto. "Kumekauka, fundi, mbona huondoki?"

Kwa sababu bomba la moto linadanganya. Shaba ikipata moto inatanuka, na tone likitoka linakaukia pale pale. Tundu dogo hujionyesha bomba likipoa. Nikazima boila, nikafunga tishu kavu kwenye kila nati, nikakaa sakafuni. Kusubiri huku hakuna anayetaka kukulipia, na bwana yule aliniambia hivyo wazi. Sikubishana. Magoti yalikuwa yanawaka, nje giza limeshaingia, saa sikuitazama tena. Mama akaniletea maandazi na chai, akaketi kitandani kimya, naye akizitazama zile tishu.

Zilikuwa kavu zote. Nikazifunga mpya, nikangoja tena kidogo. Kavu.

Nikarudisha mbao, nikaliwasha boila, nikamwomba mama asiguse koki ya kuongezea maji usiku huu. Saa moja asubuhi, kabla halijawashwa, nitampigia anisomee kipimo.