Siku moja maishani mwangu: dada anayelala bustanini

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla ya adhana na kabla ya jogoo, kuna ufagio. Shwaa, shwaa, chini ya mwembe ulio mbele ya dirisha langu. Bustani ina pembe nne na majani yako kote, lakini Mama wa ufagio huanzia kwangu kila siku. Nadhani ni makusudi.

Kwenye barua ya makubaliano naitwa "msanii mkazi". Kwa askari wa lango naitwa "yule dada anayelala bustanini", na jina hilo ndilo limeshika. Nimepewa stoo ya zamani ya vifaa: vyumba viwili, baraza, bomba la maji, miezi sita. Mshahara hakuna. Kila Jumamosi nafundisha yeyote atakayekuja, na siku ya kuondoka naacha kazi moja ibaki mali ya bustani. Chicago nao wana mpango wa namna hii: idara ya bustani za jiji huwapa wasanii nafasi ndani ya majengo yake bila kodi, nao hulipa kwa kuwafundisha wakazi bure. Nilipomweleza askari jambo hilo aliuliza kama wa Chicago nao hununua kuni kwa hela yao wenyewe. Sikuwa na jibu, na kuni kweli ndizo zinanimaliza.

Mwezi wa kwanza nilijaribu kumwiga msanii mmoja wa New York, Mierle Laderman Ukeles, ambaye tangu 1977 ni msanii mkazi wa idara ya usafi ya jiji lile. Aliwahi kuzunguka akiwapa mkono wafanyakazi wa taka wapatao 8,500, mmoja mmoja, akiwashukuru. Nami nikatoka alfajiri, nikamshika Mama wa ufagio mkono kwa mikono yote miwili, nikamwambia asante kwa kazi. Akashtuka. "Kuna msiba?"

Tangu siku hiyo nampelekea chai tu.

Saa kumi na mbili asubuhi

Baiskeli, gunia mbili, panga. Nateremka hadi Masese, kwenye mwalo, kufuata magugu maji. Hapa Jinja, Uganda, hakuna asiyeyajua: yalianza kuonekana upande wetu wa Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuna siku yanafunga ufuko hadi mtumbwi hautoki. Wavuvi wananipa bure na kicheko juu. "Chukua yote, dada, na mengine tutakuletea nyumbani."

Nachukua mashina tu. Majani na mizizi nayaacha juu, mbali na maji, yafie huko. Ukiangalia mzigo utadhani nimepata mali, lakini gugu hili karibu lote ni maji. Gunia mbili zilizojaa zikishachemshwa na kupondwa zinatoka karatasi kumi na kitu, siku njema ishirini.

Majivu naomba kwa mama mmoja anayekaanga samaki pale pale. Ananidai picha yake tangu Machi.

Saa mbili

Nusu pipa, moto, mashina yaliyokatwa vipande, majivu. Yachemke kwa muda wa saa tatu hivi mpaka nyuzi ziachane zenyewe ukizivuta kwa vidole. Harufu yake ni ya mchicha uliosahauliwa jikoni. Rojo la jana tayari liko kwenye beseni. Nalichanganya na madaftari ya shule yaliyochakaa, maana karatasi ya gugu peke yake huwa ngumu na kuvunjika kama chapati ya juzi.

Ukutani, kando ya mlango, nimechora safu mbili kwa mkaa. Juu ya moja nimeandika CHOO, juu ya nyingine BEI. Mtu akija kuuliza choo kiko wapi, napiga mstari. Akiuliza karatasi ni bei gani, napiga mstari upande wa pili. Jumamosi iliyopita Choo ilishinda 27 kwa 4. Nilipokuwa mwanafunzi Makerere tulikuwa tukibishana usiku kucha kuhusu nafasi ya msanii katika jamii. Sasa ninayo takwimu.

Saa nne

Watoto. Leo ni kumi na tisa, wengi wa Walukuba, kwa hiyo Kiswahili kinatosha. Mitaa ya Walukuba ilijengwa kwa ajili ya vibarua wa viwanda, watu wa kila upande, na Kiswahili ndicho kilichotupatanisha. Mimi mwenyewe nimezaliwa huko. Baba alitoka Busia kuja kutafuta kazi ya kiwandani, akapata na mke. Wawili leo ni wa Kisoga tupu, kwa hiyo salamu ya "Kodheyo" kwanza, halafu mikono inaongea.

Tunakaa barazani. Kuna mgeni aliwahi kuniambia kwamba kufundishia barazani si shule. Nikamkumbusha kwamba hata shule ya sanaa ya Makerere ilianzia barazani kwa Margaret Trowell, mwaka 1937.

Kazi yao ni ile ile ninayompa kila anayepita: chora maporomoko ambayo hujawahi kuyaona. Pale mto Naili unapoachana na ziwa, ambapo leo watalii wanapigia picha maji yaliyotulia, palikuwa na maporomoko. Wenyeji waliyaita "mawe" tu, na jina la mji wetu limetoka huko. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika Julai 1862, akayapa jina la bwana mmoja wa kwao, Ripon. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954 maji yakapanda, mawe yakazama. Tangu nihamie hapa nimekusanya michoro 43 ya kitu ambacho hakipo.

Mtoto wa kike wa miaka kama saba ananitazama kwa muda mrefu.

"Anti, ni wewe ulimchonga Gandhi?"

Anazungumzia sanamu iliyoko kwenye bustani ya chanzo cha Naili, chini huko. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa mtoni mwaka 1948, na sanamu ikazinduliwa 1997. Namwambia si mimi. Sura yake inaanguka kabisa. Kwa siku nzima hakuna aliyenikosoa vikali kuliko huyo.

Saa saba

Rolex moja, ile chapati ya kuviringwa: mayai mawili, nyanya nyingi. Naila nimesimama kwa sababu kaloli watatu wanaizunguka meza ya karatasi kama wakaguzi wa kodi. Ndege wakubwa hivyo, wenye vipara hivyo, hawana haya.

Saa nane

Hapa ndipo siku yangu ilipoanza hasa.

Mzee mmoja amekuja na fimbo na redio ndogo iliyozimwa. Nikaunyoosha mkono kuelekea vyoo kabla hajasema lolote. "Sitaki choo," akasema. "Nimeambiwa na wajukuu unatafuta mtu wa kuchora mawe."

Kiswahili chake ni kile cha Walukuba ya zamani, chenye Kikenya ndani na Kisoga pembeni. Baba yake alikuwa kibarua wa reli. Yeye alikuwa fundi bomba hadi macho yalipoanza kumgomea. Nikampa kiti, nikamletea michoro yote 43. Akaipitia mmoja mmoja akiisogeza karibu na pua, bila haraka, kama mtu anayehakiki hati ya shamba. Alipomaliza akaipanga vizuri na kunirudishia.

"Hii yenu yote ni Murchison."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mnachora maji yanaanguka kutoka mbinguni. Hapa hayakuwa marefu, mwanangu. Yalikuwa mapana. Mtu akisimama juu ya bega la mwenzake angekaribia kuyapita. Lakini upana wake! Na mawe katikati, na miti juu ya mawe."

Nilipaswa kujua. Speke mwenyewe aliandika kama futi 12 kwenda chini na futi 400 hadi 500 kwa upana. Nilikuwa nimeisoma namba hiyo, na bado, kila mtu aliponiletea mnara wa maji nilikuwa nikisema "vizuri sana". Murchison, ambako mto unabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kudondoka zaidi ya mita 40, ndiyo iliyoko kwenye kila kalenda ya ukutani. Tulikuwa tunakumbuka kalenda.

Nikamwomba achore. Akakataa, yeye ni wa mabomba. Nikamuuliza basi anakumbuka nini zaidi. Alikuwa mtoto wa miaka kama minane.

"Sauti. Usiku wote ilikuwa kama mvua kwenye majani. Sasa ile siku ikanyamaza. Mama akatuamsha usiku tutoe mtama nje tuuanike, eti mvua imekatika."

Nilikuwa na fremu yangu ya wavu mkononi na maji yakinidondokea miguuni. Sikujua niseme nini, nikauliza swali la kijinga: mtama mliutoa? "Tuliutoa," akasema. "Mama akisema, unatoa."

Kisha akainuka mwenyewe, akaenda kwenye njia ya changarawe, akainama kwa taabu, akaanza kuokota vijiwe. Alikataa nimsaidie kuchagua. Akavipanga juu ya ubao wangu mmoja, chini chini, kwa upana, akirudi nyuma kutazama, akivisogeza kwa ncha ya fimbo. Kimoja alikihamisha mara nne. Mama wa ufagio akaja akasimama, naye akatoa maoni, akafukuzwa.

Nikachovya fremu kwenye rojo, nikaitikisa, nikalaza karatasi mbichi juu ya vijiwe vile na kuikanda taratibu kwa sifongo ili ishike umbo lake. Inzi wa ziwani wawili walikuwa wamenasa ndani. Mzee akawaona.

"Waache. Na wao walikuwepo."

Saa tisa na nusu

Maharusi. Jumamosi hawakosekani: magari sita yenye riboni, wasimamizi kumi wa kike waliovaa rangi ya papai, mpiga picha anayetembea kinyumenyume. Akaja kuniomba nizime moto kwa sababu moshi unaingia kwenye picha. Nikamwambia haiwezekani, rojo la kesho liko jikoni. Akaniita "wewe mama wa mkaa". Msimamizi mmoja akaingia kati na kuomba radhi, halafu akauliza choo kiko wapi.

Tukakubaliana nusu saa. Nikachomoa kuni, wakapiga picha mbele ya baraza langu, kwenye kamba ya karatasi zinazokauka. Bibi harusi akanunua mbili kwa shilingi 5,000 kila moja ili aandikie watu shukrani. Nikapiga mistari miwili kwenye Bei. Huenda hesabu hiyo si halali, lakini ukuta ni wangu hadi Agosti.

Mzee alitazama yote hayo akiwa kwenye kiti changu, redio mapajani. Alikuwa akisubiri karatasi ikauke, nami nilikuwa nimeshindwa kumwambia kwamba nene kama ile haikauki chini ya siku mbili.

Saa kumi na moja

Mvua ya ziwa haibishi hodi. Upepo ukageuka, mwembe ukainama, maharusi wakakimbilia magari wakiwa wameinua magauni. Mimi, Mama wa ufagio, askari wa lango na wasimamizi wawili wa rangi ya papai tukawa tunang'oa karatasi kwenye kamba. Zilizopotea ni sita. Ubao wa Mzee tuliubeba watu watatu kama jeneza, tukauingiza chini ya kitanda changu.

Yeye alisimama mlangoni akisikiliza mvua ikipiga majani. Hakusema lolote, nami sikumuuliza. Ilipopungua, askari akamtafutia boda. "Kesho nakuja baada ya misa," akasema. "Usiiguse."

Saa moja usiku

Lango limefungwa. Choo 31, Bei 9, rekodi mpya kwa pande zote mbili. Namwandikia mwangalizi wa bustani taarifa ya wiki: watoto 19, karatasi 12, hasara 6. Sehemu ya "matokeo ya mradi" naiacha wazi. Ile michoro 43 nimeifunga kwa kamba. Sitaitupa, lakini kazi nitakayoiacha hapa Agosti haitakuwa hiyo.

Saa nne usiku

Umeme umekatika. Nikawasha tochi ya simu, nikapiga magoti kuchungulia chini ya kitanda kama karatasi imeanza kushika. Bado ni mbichi, lakini matuta yake yanaonekana vizuri, mapana, chini chini, na wale inzi wawili upande wa kulia.

Pembeni ya ubao, sakafuni, kuna kijiwe kimoja. Kilichomoka tulipokuwa tukibeba. Kwenye karatasi, pale kilipokuwa, pamebonyea kidogo tu. Nadhani ndicho kile alichokihamisha mara nne, ila sina hakika. Nimekiweka dirishani mpaka aje.